Jibu: Laptopu inaonyesha nembo kisha giza. Usinunue mazabodi bado

Ndugu yangu, umesema nembo ya Windows inatokea, vidoto vinazunguka, halafu kioo kinakuwa cheusi, na fundi ameshakutajia bei ya mazabodi, yaani ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya ndani. Nakuomba usitoe pesa hiyo kwanza. Iwashe katika hali salama ("Safe Mode"), yaani Windows iwake na vitu vya msingi tu.

Nina kiduka cha kupiga chapa na kutoa kopi hapa Langoni, Lamu. Msimu wa kusi uliopita, mwalimu mmoja wa Shela aliniletea laptopu yenye ugonjwa huo huo, na mtihani wa darasa lake wote umo ndani. Nikasema ni chumvi. Hewa ya bahari huku inakula vyuma; nimefungua mashine nyingi nikakuta kutu ya kijani, basi sikuwaza jingine. Nikamwambia aivushe Mokowe, apande basi mpaka Mombasa. Usiku usingizi haukuja. Nauli ya boti, nauli ya basi, malazi, na mimi hata sijaijaribu! Alfajiri nikampigia simu aniletee tena.

Nilifanya hivi. Niliiwasha, na nembo ilipotokea tu nikabana kitufe cha kuwashia kama sekunde 10 mpaka ikazima. Nikarudia. Mara ya tatu Windows yenyewe ilileta ukurasa wa matengenezo. Hapo unaingia "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "Startup Settings", unaiwasha upya, na orodha ikija unabonyeza 4. Ukihitaji intaneti bonyeza 5. Kile kitufe cha F8 cha enzi za Windows 7 usihangaike nacho, kwenye Windows 10 na 11 hakikufikishi huko mpaka uwe umekiruhusu mwenyewe.

Kioo kikawaka. Maandishi makubwa, nyuma peusi, pembeni pameandikwa "Safe Mode". Mwalimu alishtuka kuona sura ile, mimi nikashusha pumzi. Katika hali salama Windows huacha draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha na programu zinazojiwasha zenyewe, ikabaki na vya msingi tu. Kwa hiyo kioo kilikuwa kizima, na diski ilikuwa inasomeka. Kitu cha kwanza nilinakili mtihani kwenye flashi. Kisha nikaenda kwenye orodha ya vifaa ("Device Manager"), nikafungua kadi ya picha na kuirudisha draiva ya zamani, maana mpya ilikuwa imeingia na masasisho ya usiku wa kuamkia siku ile. Nikaiwasha upya kawaida, ikawaka.

Mambo mawili yanaweza kukukwamisha. Mashine nyingine zitadai ufunguo wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski, wenye tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, utafute kwa simu kabla hujaanza. Pia sauti haitatoka humo na baadhi ya programu zitakataa kufutwa, usidhani umeharibu.

Ikibaki nyeusi hata huko, hapo ndipo nitaanza kushuku kifaa chenyewe, na hata hivyo kumbukumbu (RAM) na diski zipimwe kabla ya mazabodi. Jaribu leo, uniandikie hapa kioo kimeonyesha nini baada ya kubonyeza 4. Niko dukani mpaka magharibi.