Mgonjwa anayeuliza kama ataamka

Dada, nimekuelewa: wewe ni muuguzi mgeni wodini, na mama aliyesubiri kuondolewa uvimbe wa kizazi alikushika mkono akauliza kama ataamka, ukamjibu "usiogope", naye akazidi kulia. Nami nililitumia neno hilo kwa miaka mingi hapa Nairobi, na sijaona likimtuliza mtu.

Keti kwanza, umwulize anachoogopa hasa, kwa kuwa mmoja huogopa kisu, mwingine kutoamka, na mwingine (hawa ni wengi kuliko tunavyodhani) huwaza ni nani atakayewalisha watoto au bili italipwaje. Kisha mweleze atakayoyakuta: baridi ya chumba, taa kali, barakoa, na kwamba daktari wa nusukaputi (dawa ya usingizi) hatamwacha peke yake wakati wote wa upasuaji. Usimwahidi kwamba hakuna hatari.

Akisema hataki tena, au haelewi alichotia sahihi, simamisha maandalizi na umwite daktari mpasuaji. Mapigo ya moyo yakienda mbio, usidhani ni hofu tu. Pima, andika, umjulishe daktari wa nusukaputi, na umwulize mgonjwa faraghani kama amekunywa chai ilhali alipaswa kufunga kabla ya upasuaji, au dawa za mitishamba, maana wengi huficha.