Kukaa kwenye chungu na soda mkononi: mimi nilijaribu

Ndugu yangu wa Jinja, umeuliza kama mtu aliyeacha pombe wiki tatu anaweza kuendelea kukaa na wenzake wa kijiwe cha boda jioni, wao na malwa yao, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija mirefu kwenye chungu kimoja, yeye na soda yake, ili wasije wakasema amewaringia. Mimi nasema hapana, angalau mwaka wa kwanza. Nivumilie nieleze kwa nini, maana jibu hilo sikulipata bure.

Mimi ni fundi wa malori hapa Busia, upande wa Uganda. Nina miaka arobaini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo nimeinywa. Anayeijua Busia anajua mambo yalivyo: malori yamepanga foleni kuvuka, dereva ana haraka, klachi imekufa, ukimaliza anakuhesabia palepale, elfu thelathini, elfu hamsini. Kila jioni mfuko una pesa mbichi. Nilianza na malwa kama watu wote, nikaingia kwenye waragi, pombe kali ya kutonesha, ya jerikeni, kisha ya vipaketi vya plastiki. Mwaka 2010 redio ilipotangaza kwamba huko Kabale watu wanakufa kwa makumi, waragi yao ilikuwa na methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, tuliisikiliza habari hiyo glasi zikiwa mkononi. Mmoja wetu akasema ya huku kwetu ni safi. Tukakubaliana naye, tukaongeza. Kwa hiyo mtu akikwambia walevi wanakosa elimu ya madhara, mwambie elimu tulikuwa nayo.

Vipaketi vilipopigwa marufuku mwaka 2019 nikajua Mungu amenisaidia kwa mkono wa serikali. Chupa ndogo kabisa ikawa ya mililita 200. Zamani nilinunua kipaketi cha mililita 100 nikijidanganya kwamba kimoja kinatosha. Sasa nikawa nanunua chupa, na sijaonana bado na mlevi anayebakiza nusu chupa.

Januari 2022 nikaapa. Nikaacha siku moja, kavu, bila kumwambia mtu. Asubuhi yake mikono ilitetemeka hadi spana ikawa inanidondoka, jasho linatiririka, moyo unakwenda mbio. Siku zote ningezimua na glasi moja mambo yakatulia, ila safari hii nilijikaza. Siku ya pili mchana, nikiwa chini ya lori, nikashikwa na degedege. Vijana walinivuta kwa miguu. Mmoja akasema kifafa, mwingine jini, wa tatu akaapa nimerogwa na fundi wa gereji ya jirani (ambaye, masikini, ndiye aliyetoa gari la kunipeleka hospitali). Kumbe ni pombe yenyewe ilikuwa inanidai. Mwili uliozoea kunywa kila siku kwa miaka, ukiukatia ghafla, ubongo hukosa breki. Degedege huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Baada ya hapo wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwepo, na wapo wanaokufa. Wewe wa wiki tatu umeshavuka hapo. Hili namwandikia anayesoma kimya kimya: kama asubuhi unatetemeka hadi unywe ndipo utulie, usijifungie chumbani ukasema unaacha peke yako. Nenda hospitali uwaambie ukweli wa kiasi unachokunywa.

Mimi nilifika hadi Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili huko Kampala. Najua jina hilo likitajwa hapa Uganda watu wanasikia wendawazimu. Mke wangu aliwaambia majirani nimekwenda Kampala kutafuta spea. Nilipewa dayazepamu, kipimo kikipunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1 kwa sindano, kwa kuwa mnywaji wa muda mrefu huishiwa nayo na kumbukumbu ikaharibika. Nililala karibu na mwalimu mmoja na askari mmoja. Nikala, nikanenepa kidogo, nikatoka nikijiona mpya.

Kabla sijaendelea, neno kwa akina mama mlioko hapa. Kuna shemeji yangu alimshauri mke wangu atafute dawa ya kuachisha pombe aniwekee kwenye chai bila mimi kujua. Alikataa, na namshukuru. Dawa ya hospitali ipo kweli, inaitwa disulfiramu, ukiimeza kisha ukagusa pombe unatapika na moyo unaenda mbio. Lakini hupewa mtu anayejua anameza nini. Ukimwekea kwa siri naye akaenda kunywa kama kawaida yake, unaweza kumzika.

Sasa soda.

Kikundi chetu cha malwa kina watu kumi na wanne. Kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari. Chungu katikati, mama anaongeza maji ya moto, kila mtu na mrija wake. Mchango ni kila Jumapili. Ukifiwa, wanaleta hema, viti, unga, mbao za jeneza. Ndio waliomzika baba yangu. Washauri wa mjini wakisema "badilisha marafiki" wanadhani marafiki ni watu wa kupiga nao soga tu. Huku kwetu ukikihama chungu umewahama watakaokuzika, na hilo hakuna daktari aliyeniuliza.

Kwa hiyo nikafanya unalotaka kulifanya wewe. Nikakaa nao na soda, miezi saba. Tatizo la soda ni kwamba inaisha kwa dakika kumi na chungu kinachukua muda wa saa nne. Hizo saa zinazobaki unafanya nini? Unaangalia mirija. Unasikia harufu ya ulezi. Unacheka kichekesho ambacho kimeshasemwa mara tatu, kwa sababu wenzako hawakumbuki kama wamekisema. Agosti mwenzetu mmoja akafariki. Usiku wa matanga, watu wanalia, mtu akanyoosha mkono akanipa mrija wangu mwenyewe. Walikuwa wameutunza muda wote ule. "Mnywee marehemu kidogo." Ningekataaje? Nilizinduka siku ya tisa, viatu sina, na pesa za lori la mtu nimezila.

Niliporudi hospitali mara ya pili nilikuwa na aibu kuliko ya kwanza. Ila safari hiyo nilitoka na mpango.

Nilimwendea mwenyekiti, na nilimwendea saa mbili asubuhi, akiwa mzima. Nikamwambia: mzee, mchango nitatoa, kaburi nitachimba, hema nitabeba, ila kwenye chungu sikai tena. Walibishana wiki mbili. Katiba ya kikundi inasema asiyehudhuria anatozwa shilingi elfu mbili, na mweka hazina wetu ni mtu wa sheria kuliko hakimu. Wakaamua nibaki mwanachama, ila faini nilipe kila wiki. Nadhani Busia nzima ni mimi peke yangu ninayetozwa faini kwa kutokunywa. Watu walicheka sana. Mimi nikapiga hesabu: nilikuwa nanywa elfu kumi kwa siku. Faini naituma kwa simu kila Ijumaa, wala sijawahi kulipa deni kwa furaha namna hii. Kwenye misiba nafika wa kwanza, nachimba, na jua likianza kushuka nina lori linaningoja. Hata kama halipo.

Pesa nayo. Madereva wanatuma malipo moja kwa moja kwenye simu ya mke wangu, mimi nabaki na ya chapati. Mwanzoni iliniuma, nilijiona mtoto. Haiumi tena.

Na saa zenyewe. Utagundua kwamba hamu haiji siku nzima, inakuja saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu, na mara nyingi inakuja pamoja na njaa. Kula kwanza. Mimi nakunywa chai ya tangawizi yenye sukari nyingi kuliko inavyofaa, kisha nabaki gereji nikifundisha vijana wawili kuchomelea.

Vikundi vya Alcoholics Anonymous, vya walevi wanaosaidiana kuacha, vipo Kampala, nilihudhuria nikapenda, lakini Busia ni mbali. Kilichonisaidia ni kusikia vilivyoanza: Akron, Marekani, mwaka 1935, walevi wawili tu, mmoja mtu wa soko la hisa na mwingine daktari wa upasuaji, wanazungumza ili kila mmoja asinywe. Kumbe wawili wanatosha. Wangu ni dereva Mkenya niliyemtengenezea gari, nikamwona anakataa bia, nikamuuliza. Tunapigiana saa kumi na mbili.

"Uko wapi?"

"Salgaa."

"Unakunywa nini?"

"Chai. Wewe?"

"Chai."

Basi, simu imekatwa. Haifiki dakika moja.

Kuhusu kusema umewaringia: watasema. Kwangu walisema miezi mitatu hivi, kisha wakapata mwingine wa kumsema. Kijiwe chako cha boda lazima kina kiongozi, mtafute asubuhi umwambie. Kama mnazikana, usitoke kwenye daftari, toka kwenye chungu tu.

Halafu nenda ukachukue mrija wako, wasije wakakutunzia. Wangu ulikuwa wa plastiki, mrefu, unaona ndani. Siku hizi natolea nao hewa kwenye klachi za malori.