Barua kwa Mwanangu: Ukitundika Daluga, Tundika Kweli

Mwanangu mpendwa,

Mama yako anakusalimu. Goti lako analiulizia kila siku kana kwamba mimi ndiye daktari.

Uliniuliza kama uache kucheza raga ukubali kazi ya ukocha hapo klabuni, na kama vijana uliocheza nao msimu uliopita watakutii. Nilitaka kukujibu kwa simu nikaona maneno ni mengi.

Mkumbuke marehemu Benjamin Ayimba. Wewe ulimjua akiwa kocha. Sisi tulimjua akiwa fowadi, nahodha wa timu yetu ya taifa ya Kenya ya raga ya wachezaji saba, mtu wa kukaba na kuangusha bila kuuliza jina. Alipoacha kucheza alikabidhiwa timu ile ile, na baadhi ya vijana wake walikuwa wamevaa naye jezi. Basi hilo swali lako alishaulizwa yeye, na jibu lilionekana Dubai mwaka 2009 katika Kombe la Dunia. Robo fainali tuliwafunga Fiji, waliokuwa mabingwa watetezi, 26-7. Argentina ndio waliotuzuia katika nusu fainali, 12-0. Vijana wasiomheshimu kocha hawachezi vile.

Lakini usiishie hapo. Baadaye timu ilikwenda kwa Mike Friday wa Uingereza, kisha Paul Treu wa Afrika Kusini, na Ayimba akarudishwa mwaka 2015. Novemba hiyo, kule Johannesburg, tukaipiku Zimbabwe 21-17 na kupata tiketi ya Olimpiki. Aprili 2016 Singapore, fainali, Fiji tena: 30-7. Ilikuwa mara ya kwanza Kenya kushinda duru ya msururu wa dunia, yale mashindano ya kila msimu yanayozunguka mji hadi mji. Nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Agosti tukaenda Rio, tukapoteza mechi zote za kundi, tukamaliza nafasi ya 11 kati ya timu 12. Naye kazi ikaishia hapo. Kutoka Aprili hadi Agosti ni miezi minne, mwanangu. Mchezaji akiboronga hupewa Jumamosi nyingine. Kocha huulizwa matokeo ya mwisho tu, hata kama ya kabla yake yaliandikwa kwa wino wa dhahabu.

Kwa hiyo kubali, ila usikubali lile pendekezo lao la kucheza huku ukifundisha. Ukiwa ndani ya skramu, pale mnaposukumana vichwa chini kugombea mpira, huoni winga wako amesimama wapi. Na goti hilo litakudanganya kwamba bado lina mechi mbili tatu.

Kuhusu wenzako, yule aliyekusimamia harusini ndiye atakayekupa shida, si wale chipukizi. Amezoea kuanza kila mechi, na wewe unajua kasi yake imepungua kwa sababu ulikuwa ukikimbia kando yake. Mwambie uso kwa uso kabla hujabandika orodha ya kikosi, wala usimtume nahodha. Akinuna mwezi mzima, mwache anune. Zile safari za baada ya mechi nazo zipunguze: kaa nao soda moja, uondoke, wapate nafasi ya kukusengenya.

Kusoma pia kusome. World Rugby, wasimamizi wa raga duniani, wana kozi za ukocha za kupanda ngazi, anza na ya kwanza hata kama unadhani unayajua yote. Kujua kukaba na kumfundisha mtu aweke kichwa upande ulio salama anapokaba ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya pili ndiyo itakayowarudisha watoto wa watu nyumbani wakiwa wazima.

Halafu mambo ya pesa. Klabu zetu nyingi zinaendeshwa kwa mapenzi, na mapenzi hayalipi kodi ya nyumba. Dai mkataba wa maandishi, wa misimu miwili na si mmoja, na uandikwe nani anachagua kikosi: wewe au kamati. Wakikataa kuandika hilo la kikosi, nipigie kabla hujatia sahihi.

Ni mimi, baba yako.