Si jini, ni mishipa ya fahamu

Dada uliyeuliza kama mumeo amepandwa na jini: hapana, hajapandwa. Kutetemeka na kutoka jasho kila asikiapo mashine ya boti, miezi mitatu baada ya mashua yao kupinduka, ni mwili unaopiga king'ora wakati hatari imeshapita. Amigdala, kijisehemu cha ubongo chenye umbo la lozi, iliunasa ule mlio. Ukisikika tena, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini kabla akili haijatambua kwamba yuko barazani na kikombe cha kahawa mkononi.

Yalinikuta mimi hapa Deep Sea, Tanga, msimu wa kusi. Kilichonifaa ni kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ninayovuta (mapigo ya moyo yanapungua kweli), na mshauri aliyenirudisha ufukweni kidogokidogo. Wiki ya kwanza nilikaa tu kutazama ngalawa zikipakwa sifa, yale mafuta ya papa.

Pumzi peke yake haitoshi kwa kila mtu. Dalili zikishavuka mwezi kama zake, mpeleke hospitali akaonwe na watu wa afya ya akili. Kombe (maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani) mnyweshe ukitaka, ila msimlazimishe kupanda chombo eti azoee.