Kabla ya kutangaza ethanoli yako, pima bila hewa ukaa

Juzi mwanafunzi wa kemia aliyeko Buswelu ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kubuni kichocheo cha kugeuza hewa ukaa kuwa ethanoli ya mafuta. Nianzie wapi?" Nimefurahi mno. Mimi nilipotaja ndoto hiyohiyo, mkubwa mmoja aliniambia mbele za watu niache mambo ya Wazungu, nikafundishe tuisheni Nyegezi. Bado yananiuma.

Mdogo wangu, anza na shaba: ndiyo kichocheo, yaani kinachosukuma mmenyuko, na ndiyo elektrodi, kipande kinachopitisha umeme ndani ya seli, chombo chenye maji yaliyotiwa hewa ukaa. Yoshio Hori na wenzake wa Japani walionyesha uwezo wake tangu miaka ya 1980. Dhahabu na fedha huishia kwenye kaboni monoksaidi. Shaba huunganisha kaboni mbili. Tabu yake ni kwamba haichagui: methani, ethilini na ethanoli hutoka kwa mpigo. Molekuli moja ya ethanoli inadai elektroni 12, na maji nayo yanazigombania yatoe hidrojeni. Ubunifu wako uko hapo. Mwaka 2016 watafiti wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, walipachika chembe ndogo mno za shaba kwenye miiba ya kaboni yenye nitrojeni, wakaripoti kuwa asilimia 63 ya umeme iliingia kwenye ethanoli.

Mwezi uliopita grafu ya vipimo vyangu ilitoa kilele kizuri cha ethanoli. Wenzangu wakashangilia, mimi nikakataa. Pale mezani palikuwa na chupa ya spiriti ya kusafishia vyombo, na spiriti ni ethanoli. Nikaifungia kabatini, nikaosha seli upya, nikapitisha argoni, gesi isiyo na kaboni, badala ya hewa ukaa: elektrodi ileile, umeme uleule, muda uleule. Kilele hakikuonekana. Niliporudisha hewa ukaa, kikarudi. Nilijivuna, na najivuna hadi leo. Sasa natafuta hewa ukaa yenye kaboni-13, kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida, inayotambulika kwa vipimo. Ethanoli ikiibeba hiyo, ubishi umekwisha.

Vijana wenzangu wa Mwanza, tusikimbilie kutangaza. Wapo wanaosubiri tuteleze waseme walijua. Pimeni kwa argoni. Mkipata jibu zuri, pimeni tena kwa argoni. Umeme ukikatika katikati, mwaga sampuli, anza upya, hata kama ni saa nne usiku na daladala za mwisho zinaondoka. Na maji ya bomba yasiguse seli kabisa, tumieni yaliyoondolewa ioni (chembe za chumvi na metali zilizoyeyuka), kwa sababu chembe kidogo tu za chuma zikiganda juu ya shaba, hidrojeni inatawala na ethanoli inapotea.