Ukipewa klabu ya kilimo ukiwa field, anza na tarehe ya kuondoka

Mwalimu wa field, yaani mwanachuo wa ualimu aliyepelekwa shuleni kufundisha kwa mazoezi, hupewa kazi ambazo wenyeji wameshazichoka. Utapewa michezo, utapewa usafi wa vyoo, na kama umesomea Biolojia au Jiografia, basi shamba la shule ni lako. Mimi nimesomea yote mawili, na shule niliyopangiwa ipo barabara ya Tanga kwenda Pangani, kwenye minazi na mchanga mtupu. Siku ya kuripoti tu niliambiwa, "Madam, klabu ya kilimo ilikuwa inakusubiri." Sijutii, maana ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Ila kuna mambo ambayo anayekwenda mwakani afadhali ayajue kabla hajashika jembe.

Kubwa kuliko yote ni kalenda. Field ya wengi wetu ni miezi miwili, kati ya Julai na Septemba. Pwani ya Tanga wakati huo masika yameshapita, kwani ni ya Machi hadi Mei, na vuli haijaingia hadi Oktoba. Manyunyu yapo, lakini si ya kutegemea kuoteshea mahindi. Pamoja na hayo, utamkuta mwalimu wa field amefika na ndoto za nyanya. Nyanya tangu kitaluni hadi tunda liive ni miezi mitatu na zaidi. Utaaga zikiwa na maua, na kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, atabaki akizila kwa raha zake. Chukua kalenda, weka alama siku ya kuondoka, kisha hesabu kurudi nyuma. Chochote kisichovunwa walau mara mbili ndani ya muda huo, usikiguse.

Kinachobaki hapo si kingi, lakini kinatosha. Mchicha unang'olewa wiki ya tatu au ya nne. Tembele, ukipata marando mazuri, baada ya mwezi hivi unaanza kuchuma. Kunde ya majani nayo haikawii. Watoto wakiona mboga imetoka mwezi wa kwanza, mwezi wa pili hutawaita kwa kengele.

Kwetu wanafunzi walitaka maharage, kwa sababu ndicho chakula chao cha mchana. Hoja yao ilikuwa nzuri. Aliyetuzuia ni mpishi wa shule, mama wa makamo aliyezaliwa kijiji hichohicho. Nilipomwamkia nikamweleza mpango wetu, akacheka. "Mwanangu, maji ya kisima hiki uliyaonja? Maharage yatakuungua kingo za majani hata hayajatoa ua. Pandeni kunde." Kisima kina chumvichumvi kama visima vingi vilivyo karibu na bahari, na kweli maharage ni katika mazao yasiyovumilia chumvi kabisa, wakati kunde inajikaza. Bwana shamba wa kata naye tulimwita baadaye, akasema yaleyale. Kwa hiyo kabla ya kuitisha kikao cha klabu, nenda jikoni ukapige soga.

Sasa maji. Hapa ndipo bustani nyingi za shule hufia, na ni hesabu ndogo tu ambayo hakuna aliyeipiga. Kiangazi, mita moja ya mraba ya mboga inahitaji kama lita tano kwa siku, na kwenye mchanga wa pwani weka sita. Tuta la mita 1 kwa mita 10 linakunywa lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Ukilima matuta kumi kwa tamaa, umejitwika madumu thelathini kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Kaa na wanafunzi ubaoni mpige hesabu hiyo pamoja kabla jembe halijatoka stoo. Sisi tulipoipiga, matuta waliyotaka yalipungua zaidi ya nusu, na waliyapunguza wao wenyewe.

Matuta yenyewe yasiwe ya kuinuliwa kama unavyoyaona kwenye picha za vitabuni. Hayo ni ya masika, maji yakizidi. Kiangazi, na kwenye mchanga, chimba matuta ya kuzama, kina cha kiganja hivi, changanya samadi iliyooza vizuri na udongo wa chini, kisha mwagilia ndani yake. Maji hayakimbii pembeni. Funika na nyasi kavu au makuti yaliyochakaa. Mbegu za mchicha ni ndogo kama unga wa ugoro, zichanganye na mchanga mkavu ndipo usie, la sivyo zitaota zote kona moja.

Halafu tazama nani anabeba dumu. Jioni ya kwanza ya zamu nilisimama chini ya mwembe nikaangalia: wasichana wanatoka kisimani na madumu kichwani, wavulana wamekaa kwenye matuta wameshika keni, wanasubiri maji wayamimine. Hakuna aliyewapanga hivyo. Ndivyo ilivyo nyumbani, nao wamekuja nayo shuleni. Sikuhutubia. Nilibandika ratiba ya wawiliwawili, mvulana na msichana, leo huyu kisimani na yule kwenye keni, kesho wanabadilishana. Manung'uniko yalikuwepo, hasa kwa kijana mmoja aliyedai shingo yake haifai kubeba mzigo. Dada mmoja wa kidato cha tatu akamwambia hata yake Mungu hakuiumbia madumu, wakacheka, kazi ikaendelea.

Kuna jambo moja ambalo usilikubali hata kama wewe ni mgeni: bustani ya klabu kuwa mahali pa adhabu. Shule nyingi mchelewaji hupelekwa shambani, aliyepiga kelele hupewa eneo la kupalilia. Mwalimu wa zamu hana nia mbaya, anatafuta tu pa kuwaweka. Lakini mtoto aliyelimishwa kwa kosa Jumatatu, Jumatano utamwambia nini akuelewe kwamba kilimo ni maisha? Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa kuwa sehemu ya kujifunza, na wanafunzi wawe na sauti katika kuamua kinachofanyika humo. Leo EK bado ipo kwenye ratiba, ila kwa wengi imebaki kuwa fyekeo na fagio. Hutaibadilisha shule nzima kwa miezi miwili, usijaribu hata. Omba kipande chako kidogo, kiwekee uzio, na mwombe kwa heshima mwalimu wa nidhamu wachelewaji wake wasipelekwe huko. Mimi nilikubaliwa. Ukikataliwa, usigombane na wenyeji. Hamisha tu siku za klabu zisigongane na siku za adhabu.

Wanachama wachague kwa akili. Kidato cha pili na cha nne wanasogelea mitihani ya taifa ya mwisho wa mwaka, na mkuu wa shule atawaondoa klabuni muda wowote, kwa haki kabisa. Jenga klabu juu ya kidato cha kwanza na cha tatu.

Wadudu sitawaandikia sana. Mwarobaini umejaa pwani yote. Gramu 50 za mbegu zilizotwangwa kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja, weka sabuni kidogo ishike kwenye jani, nyunyizia jioni kwa sababu jua huua nguvu yake. Mbuzi wa jirani hana dawa isipokuwa uzio.

Tuje kwenye pesa, maana mchicha ukishakubali wateja wa kwanza ni walimu. Hapo usione haya. Weka daftari moja, lishikwe na mhazini mwanafunzi, kila fungu liandikwe: tarehe, idadi, nani kachukua, kalipa au bado. Wateja wa mtaani hulipa papo hapo. Walimu, na ninasema hivi kwa upendo, hukopa. "Mwandikie, nitalipa mshahara ukitoka." Mafungu ni ya bei ndogo, lakini yakikusanyika yanafika bei ya keni mpya. Klabu iamue yenyewe mapato yaende wapi. Yetu iligawanya: sehemu mbegu na vifaa, sehemu daftari za wanachama. Siku walipogawiwa daftari ndipo nilipoona waliokuwa wakitega wanaulizia fomu ya kujiunga.

Na usisahau kilichokupeleka. Msimamizi wa chuo akija atakaa nyuma ya darasa, atataka andalio la somo, azimio la kazi na zana. Hatauliza habari za tembele. Klabu ni jioni, baada ya maandalio kukaa sawa. Ila somo la usafirishaji wa maji kwenye mimea au la aina za udongo ukilifundishia pale kwenye tuta, umemaliza kazi mbili kwa mkupuo.

Wiki mbili za mwisho usipande mboga mpya. Andalia kisichohitaji dumu kila siku: chimba mashimo ya mipapai na tafuta vipande vya mihogo, viingie ardhini vuli ikianza, hata kama wewe hutakuwepo. Mwachie mwalimu wa EK ufunguo wa stoo, ratiba ya zamu, na hesabu iliyofungwa na kusainiwa na mhazini. Orodha ya wadaiwa mpe yeye mkononi, usiwaachie wanafunzi. Mtoto wa kidato cha kwanza atamdaije mwalimu wake wa Hisabati?