Je, aspirini huzuia saratani ya umio?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 58 na nimesumbuliwa na kiungulia kwa muda mrefu. Hivi karibuni nilifanyiwa kipimo cha mpira wenye kamera, nikaambiwa kuwa nina hali ya Barrett yenye urefu wa sentimita mbili, ingawa seli hazijaanza kuharibika. Nimeandikiwa omeprazo ya kumeza kila siku. Ndugu yangu amesoma kwamba aspirini huzuia hali hii isigeuke saratani, naye ananihimiza nianze kuitumia. Je, nianze? Na kiungulia kikiisha, naruhusiwa kuacha omeprazo?

JIBU: Aspirini usiianze kwa sababu hiyo pekee, na omeprazo usiiache bila kuzungumza na daktari wako.

Hali ya Barrett hutokea pale asidi inayopanda kutoka tumboni inapouchubua ukuta wa ndani wa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, mara kwa mara, hata seli zake za kawaida zikaondoka na nafasi yao ikachukuliwa na seli zinazofanana na za utumbo. Seli hizi mpya huihimili asidi vizuri zaidi, na ndiyo maana wagonjwa wengi husikia kiungulia kidogo kuliko zamani, wakadhani wamepona. Kwa hiyo kupungua kwa kiungulia hakuthibitishi kwamba asidi imekoma kupanda. Miongozo ya wataalamu hupendekeza mgonjwa wa Barrett aendelee na dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazo yako, angalau mara moja kwa siku. Dawa za kundi la omeprazo humezwa takriban nusu saa kabla ya kula, jambo ambalo wengi huambiwa haraka haraka na kulisahau.

Kuhusu aspirini, bila shaka ndugu yako amekutana na habari za utafiti wa AspECT, uliochapishwa mwaka 2018, ambao ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 2,500, wengi wao wa Uingereza, kwa takriban miaka tisa. Wote walipewa esomeprazo, dawa ya kundi la omeprazo, baadhi miligramu 40 mara mbili kwa siku na wengine miligramu 20 mara moja, na karibu nusu yao wakaongezewa aspirini ya miligramu 300 au 325. Waliopata esomeprazo nyingi pamoja na aspirini ndio walioonyesha matokeo bora zaidi. Hata hivyo, matokeo hayo yalijumlisha mambo matatu: kifo cha sababu yoyote, saratani ya umio, na seli zilizoharibika vibaya. Sehemu kubwa ya nafuu ilitokana na kupungua kwa vifo vya sababu yoyote, si saratani peke yake, na kwa maoni yangu vichwa vya habari vilikipita kipengele hicho upesi mno.

Mwaka 2023 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya matibabu nchini Uingereza, ilishauri aspirini isitolewe kwa ajili ya kuzuia saratani kwa wagonjwa wa Barrett. Sababu inaeleweka: katika watu 1,000 wenye hali kama yako, wanaopata saratani kwa mwaka ni kama mmoja hadi watatu, ilhali aspirini ya kila siku huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuvuja damu tumboni au hata kwenye ubongo, hasa umri unapoendelea. Ikiwa tayari unaitumia kwa ushauri wa daktari kwa sababu ya moyo, hilo ni suala jingine, na usiikatishe.

Vidonge hivi, hata ukivimeza bila kukosa, havichukui nafasi ya kipimo cha kamera. Kwa hali iliyo chini ya sentimita tatu na isiyo na seli zilizoharibika, kipimo kwa kawaida hurudiwa baada ya miaka mitano. Zikionekana zimeharibika, na mtaalamu wa pili wa maabara akithibitisha, zipo njia za kuzichoma kwa joto la mawimbi ya redio kupitia mpira huohuo, bila kupasuliwa. Lakini chakula kikianza kukwama unapomeza, uzito ukipungua bila sababu au choo kikiwa cheusi kama lami, usisubiri tarehe hiyo. Mwone daktari mara moja.